Namna ya Kusoma Hesabu za AFRINIC: Mwongozo Kamili kwa Mwanachama Anayelipa Ada

Kila mwaka ankara kutoka Mauritius huingia kwenye barua pepe ya ofisi yetu, na mhasibu hunijia nayo mkononi. Mara ya kwanza aliniuliza hivi: "Kaka, hawa watu tunawalipa dola kwa kitu gani? Nyaya ni zetu, mnara tumepanga, bando tunalinunua kwingine. Wao wanatuuzia nini?" Nikamwambia: namba. Akanitazama kama mtu anayemtazama ndugu yake aliyetapeliwa.

Nilimjibu vibaya. AFRINIC haituuzii namba. Inatunza daftari linaloonyesha anwani zipi za IP, yaani namba zinazotambulisha mitandao na vifaa kwenye intaneti, ziko mikononi mwa nani barani Afrika na kwenye visiwa vya jirani katika Bahari ya Hindi, na sisi ni wanachama wa chombo kinachotunza daftari hilo. Ada yetu ni mchango wa uendeshaji, kama ule wa SACCOS. Mwanachama wa SACCOS asiposomewa hesabu kwenye mkutano mkuu huwasha moto. Sisi wa mitandao tunalipa na kunyamaza, kwa sababu waliosomea ruta hawapendi mizania, na wahasibu wanaiona IP kama mambo ya mafundi.

Mwongozo huu ni kwa mtu wa katikati: fundi, meneja au mhasibu wa kampuni ndogo ya intaneti, chuo, benki au taasisi ya serikali yenye anwani zake. Nimeuandika nikiifikiria AFRINIC, lakini njia ni ileile ukitaka kuikagua sajili ya majina ya vikoa kama KeNIC ya .ke au ile ya .tz. Tenga siku mbili, kikokotoo na kalamu ya rangi.

Hatua ya 1: Jua unasoma hesabu za chombo cha aina gani

Dunia ina sajili tano za kanda zinazogawa anwani za IP: RIPE NCC (Ulaya, Mashariki ya Kati pamoja na Oman na nchi za Ghuba, na Asia ya Kati), APNIC (Asia na Pasifiki), ARIN (Marekani, Kanada na sehemu ya Karibea), LACNIC (Amerika ya Kusini na ya Kati) na AFRINIC, iliyotambuliwa rasmi Aprili 2005 na ICANN, chombo kinachoratibu majina na namba za intaneti duniani. Zote si za faida, ila kila moja imesajiliwa kwa sheria ya nchi yake, na sheria hiyo ndiyo inayoamua utapata karatasi gani.

AFRINIC ni kampuni ya Mauritius isiyo na hisa. Wanachama wanaibeba kwa dhamana. Hakuna mwenye hisa, kwa hiyo hakuna gawio. RIPE NCC ni chama cha wanachama chini ya sheria ya Uholanzi. ARIN imeandikishwa Virginia, Marekani, na kule taasisi zisizo za faida hujaza kila mwaka fomu ya kodi iitwayo 990, ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma, mishahara ya wakubwa ikiwemo. Ukitaka kuona uwazi wa kiwango hicho, fungua fomu 990 ya ARIN au ya PIR, taasisi inayoendesha .org. Utakuta jina la mkurugenzi mtendaji, na mkabala wake dola alizolipwa. Huku kwetu kuuliza mshahara wa mkubwa bado ni utovu wa adabu.

Neno "isiyo ya faida" lisikulaze. Maana yake ni kwamba ziada haigawiwi wamiliki. Haimaanishi kwamba ziada haipo, wala kwamba ni ndogo. Mwaka 2019 Internet Society, taasisi mama ya PIR, ilikubali kuiuza PIR kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital kwa dola bilioni 1.135, na sehemu ya fedha hizo ingekuwa deni la dola milioni 360 ambalo lingebebwa na sajili yenyewe. Baada ya makelele ya dunia nzima na barua ya Mwanasheria Mkuu wa California, ICANN ilikataa tarehe 30 Aprili 2020. Kwa miaka mingi .org ilionekana ni ya watu wa hisani tu, kumbe ni mali ya zaidi ya dola bilioni moja.

Hatua ya 2: Kusanya karatasi zote kabla ya kusoma hata moja

Unahitaji taarifa za fedha zilizokaguliwa za miaka mitano mfululizo, bajeti za miaka hiyohiyo, jedwali la ada, katiba ya kampuni, na muhtasari wa mikutano mikuu. Nyingi hupatikana kwenye tovuti ya sajili, ndani ya ripoti za mwaka. Usiposikia neno "zilizokaguliwa", umeletewa kitu kingine: slaidi za mkutano, zenye duara la rangi lililokatwa vipande kama keki. Slaidi ni kwa ajili ya kujua pa kuanzia tu.

Kwa nini miaka mitano? Kwa sababu mwaka mmoja hudanganya. Chukua 2020: mikutano ilihamia mtandaoni kwa sababu ya korona, tiketi na hoteli zikafutika, na taasisi nyingi za namna hii zikaonekana zimebana matumizi kweli kweli. Hakuna aliyebana kitu. Ndege zilikuwa chini. Ukiufanya mwaka huo kipimo, kila mwaka unaofuata utaonekana wa anasa.

Na kama mwaka mmoja haupo, andika pembeni kwamba haupo. Pengo nalo ni taarifa. Hesabu za kampuni huidhinishwa na bodi, na bodi ya AFRINIC ilikosa akidi kuanzia 2022. Septemba 2023 Mahakama ya Juu ya Mauritius ikaweka msimamizi wa muda, na bodi mpya haikupatikana hadi uchaguzi wa Septemba 2025. Kwa hiyo karatasi ya kipindi hicho ikikuangukia mkononi, kwanza tazama imesainiwa na nani, na kwa mamlaka gani.

Hatua ya 3: Anza na ankara yako mwenyewe

Hii ndiyo hatua iliyomfanya mhasibu wetu avute kiti. Chukua ada yako ya mwaka, igawe kwa idadi ya anwani za IPv4 (zile za mfumo wa zamani, ambazo sasa ni adimu) ulizonazo. Fungu linaloandikwa /24 lina anwani 256, /22 lina 1,024. Utapata gharama ya anwani moja kwa mwaka.

Kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa mwanachama mkubwa ukitumia jedwali la ada. Kwa mfano halisi chukua RIPE NCC, kwa sababu bei yao ni moja kwa wote: mwaka 2025 kila akaunti ya mwanachama ililipa euro 1,800, kutoka euro 1,550 ya mwaka 2024. Mwenye anwani 256 analipa euro 7.03 kwa kila anwani. Mwenye anwani 1,048,576 analipa chini ya senti moja ya euro, kama senti 0.17 hivi. AFRINIC hutumia madaraja: kadiri unavyoshika anwani nyingi ndivyo unavyopanda daraja na kulipa zaidi. Lakini ada haipandi kwa kasi ya anwani, kwa hiyo mdogo bado analipa zaidi kwa kila anwani moja.

Je, ni dhuluma? Mimi naona si lazima iwe hivyo. Kumhudumia mwanachama mmoja, yaani kupokea maombi yake, kukagua nyaraka za kampuni yake, kumjibu akipoteza nywila, kunagharimu karibu sawa awe na anwani mia mbili au milioni. Hoja hiyo hata hivyo inasimama tu kama gharama kubwa ya sajili ni huduma kwa mwanachama. Ikionekana gharama kubwa ni kulinda mafungu makubwa mahakamani, basi mdogo anambebea mkubwa mzigo. Liweke swali hili akilini. Tutalirudia kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Soma mapato

Hapa pafupi. Karibu mapato yote ya sajili ya namba ni ada za wanachama: ya mwaka, na ya mara moja unapopewa anwani. Vilivyobaki ni udhamini wa mikutano, misaada ya miradi na riba ya amana benki.

Mambo mawili tu ya kutazama. La kwanza ni wadaiwa. Ankara iliyotolewa huhesabiwa kuwa mapato hata kama haijalipwa, kwa hiyo sajili inaweza kuonyesha mwaka mnono wakati benki ni pakavu. Tafuta mstari wa wadaiwa na maelezo yake: ni kiasi gani kimezidi mwaka mmoja, na kiasi gani kimetengwa kwa kuwa hakitarajiwi kulipwa tena. Barani kwetu, ambako kampuni ya intaneti inaweza kufa kati ya ankara na ankara, na ambako kupata dola benki kuna wiki zake, mstari huu huwa mnene.

La pili ni kwamba mapato haya hayakui hivihivi. Akiba kuu ya IPv4 ya dunia iliisha Februari 2011. AFRINIC yenyewe iliingia awamu ya pili ya kubana matumizi ya IPv4 tarehe 13 Januari 2020, ambapo mwombaji hapewi zaidi ya /22 kwa mara moja. Ada inayotegemea ukubwa wa fungu haitapanda sana wakati mafungu mapya ni ya kijiko. Kwa hiyo bajeti inayotarajia mapato kuruka asilimia kubwa ina jambo moja kati ya mawili: wanachama wengi wapya, au ada kupandishwa. Uliza ni lipi.

Hatua ya 5: Soma matumizi, na hapa usiwe na haraka

Mtu akiona kwa mara ya kwanza kwamba fungu kubwa la matumizi ni watumishi, hushtuka. Asishtuke. Sajili haina kiwanda wala minara. Ina wahudumu wa usajili wanaosoma maombi, wahandisi wanaohakikisha hifadhidata haizimi, wakufunzi wanaozunguka kufundisha IPv6 (mfumo mpya wa anwani), wahasibu, wanasheria na watu wa kujibu simu kwa Kiingereza na Kifaransa. Swali la maana ni watumishi wangapi, kwa wanachama wangapi, na uwiano huo ulikuwa vipi miaka mitano nyuma. Gawa. Kama wanachama wameongezeka kwa robo na gharama ya watumishi imeongezeka maradufu, una swali la kupeleka mkutanoni.

Baada ya watumishi tafuta haya, ukizungushia kila moja kalamu yako ya rangi:

Mitambo. Seva za hifadhidata ambayo kila mtu huiuliza anwani fulani ni ya nani, seva za majina za kugeuza anwani kuwa jina, na vyeti vya RPKI vinavyosaidia kuzuia mtu asitangaze anwani zako kana kwamba ni zake. Hii ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi mstari wake ni mwembamba kuliko wa safari. Ukikuta hivyo, usiseme kwa ukali. Sema tu namba zote mbili kwa sauti, moja baada ya nyingine.

Safari na mikutano. Mikutano ya AFRINIC imewahi kufika kwetu: Dar es Salaam 2011, Nairobi 2017, Kampala 2019. Ina faida kubwa, maana sera hutungwa na wanachama wenyewe, na mhandisi wa Bujumbura hawezi kujadili sera kwa barua pepe peke yake na akasikika sawa na aliyekaa ukumbini. Ila tenganisha safari za bodi, za watumishi na za wanachama waliofadhiliwa. Mstari uitwao "safari" tu, bila mgawanyo, haujakwambia kitu.

Mchango kwa vyombo vya dunia. Sajili zote tano kwa pamoja huchangia ICANN dola 823,000 kwa mwaka, kila moja kwa fungu lake. Kiasi hiki ni kidogo kwao. Nimekitaja kwa sababu wanachama wengi hudhani ICANN ndiyo inayoilisha AFRINIC, kumbe fedha zinatembea upande wa pili.

Sarafu. AFRINIC inatoza kwa dola, na matumizi mengine ya Mauritius ni kwa rupia. Rupia ikipanda, gharama za nyumbani zinapanda zikipimwa kwa dola hata kama hakuna aliyeongezewa mshahara. Kabla ya kulalamika kwamba wamejipandishia, tazama mstari wa faida na hasara ya kubadili fedha.

Sasa wanasheria. Nenda kwenye mstari huu na ukae.

Sajili ikiwa shwari, gharama ya sheria ni ndogo kiasi kwamba hufichwa ndani ya "huduma za kitaalamu". AFRINIC haikuwa shwari. Kwanza ukaguzi wa ndani uligundua kuwa anwani zaidi ya milioni 4 zilikuwa zimehamishwa isivyo halali katika hifadhidata. Kisha ukaibuka mgogoro na mwanachama mmoja, Cloud Innovation, mwenye anwani takriban milioni 6.2, ambaye AFRINIC ilitaka kuzirudisha anwani zake. Kesi zikafuata kesi katika mahakama za Mauritius. Wanasheria hulipwa kwa saa, na kalenda ya mahakama haifuati bajeti ya mtu.

Basi fanya hivi: chukua gharama ya sheria ya kila mwaka katika ile mitano, igawe kwa idadi ya wanachama. Utapata kiasi ambacho kila mwanachama, wewe ukiwemo, amechangia kwenye kesi. Kilinganishe na kiasi kilichotumika kwenye mitambo kwa mwanachama. Ni hesabu ya dakika tano, na ndiyo inayojibu lile swali la hatua ya 3.

Hatua ya 6: Pima akiba kwa miezi

Sajili inatakiwa iwe na akiba ya kuiendesha hata ada zikisimama. Wengi husoma "fedha taslimu na amana" wakaridhika. Kuna kosa hapo. Ndani ya fedha hizo kuna ada ambazo wanachama wamelipia mwaka ujao; huduma yake bado haijatolewa, kwa hiyo si akiba. Mizania huziandika upande wa madeni kama mapato yaliyopokelewa kabla ya muda wake. Ziondoe.

Tuchukue namba za kufundishia tu, si za AFRINIC. Matumizi ya mwaka dola 5,400,000. Gawa kwa 12, ni 450,000 kwa mwezi. Benki kuna 4,000,000. Mapato yaliyopokelewa mapema ni 900,000. Akiba halisi ni 3,100,000, ukigawa kwa 450,000 unapata miezi 6.9. Slaidi ya mkutano ingesema karibu miezi tisa.

Kisha uliza fedha hizo ziko wapi. Julai 2021 mahakama ya Mauritius ilitoa amri ya kuzuia akaunti za AFRINIC, kwa dai la hadi dola milioni 50, na zuio hilo lilidumu mpaka Oktoba. Akiba ilikuwepo kwenye karatasi, ila kuigusa ilikuwa shida, na mishahara ina tarehe zake. Akiba yote ikiwa nchi moja, chini ya mahakama moja, miezi yako 6.9 inaweza kugeuka sifuri asubuhi moja. Tangu 2015 sajili tano zina mfuko wa pamoja wa kusaidiana inapotokea dharura. Uliza masharti ya kuutumia ni yapi.

Kinyume chake nacho kipo: akiba iliyovimba. RIPE NCC wanayo desturi ninayoipenda. Mwaka ukiisha na ziada, wanachama hupiga kura kama ziada iingie kwenye akiba au irudishwe kwao kwa kupunguzwa ada inayofuata. Ni kama kikundi cha vikoba kinapovunja kibubu, ila kwa kura.

Hatua ya 7: Soma maelezo ya nyuma na maoni ya mkaguzi

Watanzania tumezoea lugha ya CAG: hati safi, hati yenye shaka, hati isiyoridhisha. Mkaguzi wa sajili naye ana maoni yake, ukurasa wa mbele mbele. Lakini nenda zaidi. Tafuta aya inayozungumzia uwezo wa taasisi kuendelea na shughuli. Tafuta madeni yanayoweza kujitokeza, yaani kesi ambazo hazijaamuliwa. Hapa ndipo kesi ya mamilioni inaweza kulala katika sentensi mbili zenye maneno ya upole. Tafuta malipo kwa wakurugenzi na kwa kampuni zenye uhusiano nao.

Kisha tafuta kitu ambacho hutakipata, nami ningetaka ukikumbuke kuliko vyote nilivyoandika humu. Mizania ina samani, kompyuta, magari, uchakavu wake, fedha benki. Haina anwani za IP. Sajili haizimiliki, inazitunza tu, kwa hiyo kihasibu thamani yake ni sifuri. Sokoni si sifuri. Mwaka 2021 anwani moja ya IPv4 ilikuwa inakaribia dola 50. Ziweke hata kwa dola 20: zile milioni 4 zilizohamishwa kinyume cha utaratibu ni dola milioni 80. Zote zinaweza kutoka kwenye daftari usiku, na asubuhi mizania ikabaki vilevile, samani zipo, benki ipo, na mkaguzi akatoa hati safi bila kosa lolote la kitaaluma, maana hakuitwa kuhesabu anwani.

Kwa hiyo ukaguzi wa fedha peke yake, kwa chombo cha namna hii, umekagua droo ya sarafu na kuacha ghala. Dai ukaguzi wa pili: wa daftari. Nani ana uwezo wa kubadilisha rekodi? Badiliko moja linahitaji saini za watu wangapi? Nani wa nje anayalinganisha mabadiliko na maombi yaliyoidhinishwa, na ripoti yake inachapishwa wapi? Kitakachokuja kukuumiza ukiwa mwanachama kiko humo zaidi kuliko kwenye tiketi za ndege.

Ukimaliza, kagua na rekodi yako mwenyewe. Sisi tulipokagua yetu tulikuta anayetambulika kama mtu wa mawasiliano ni kijana aliyeacha kazi miaka mitatu nyuma. Kiungo cha kupiga kura kilikuwa kinamfuata yeye, kwenye barua pepe iliyokwishafutwa. Miaka mitatu tulilalamika hatusikilizwi, na kura yetu ilikuwa inadondoka kwenye sanduku lisilo na mtu.

Hatua ya 8: Uliza kwa maandishi, swali moja moja

Swali la jumla hupata jibu la jumla. Ukiuliza "mbona gharama zimepanda?" utajibiwa habari za mfumuko wa bei duniani. Andika hivi, uitafsiri kwa lugha ya mkutano:

"Ndugu Mwenyekiti, kwenye taarifa za fedha za mwaka jana, gharama za kisheria zimejumuishwa ndani ya huduma za kitaalamu. Naomba zitenganishwe kwa miaka mitano, zionyeshwe kwa kila shauri, na bodi itamke kama ina ukomo wa matumizi kwa shauri moja. Naomba jibu liingie kwenye muhtasari."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye meno. Jibu la mdomo husahaulika ifikapo chai ya saa nne; la kwenye muhtasari utalikuta mwakani. Tuma mapema kabla ya mkutano, nakala kwa wanachama wenzako watatu au wanne wa nchi yako. Mtu mmoja akiuliza huonekana msumbufu. Watano wakiuliza jambo lilelile huwa ajenda.

Na usianze na mishahara. Si kwamba ni dhambi kuuliza, ila ukianza nayo ukumbi mzima utaamini unasukumwa na wivu. Anza na akiba, nenda kwenye sheria, malizia na daftari. Ukifika hapo tayari wanajua umesoma.

Hatua ya 9: Linda kura yako

Kila mwanachama mwenye haki ya kura anaweza kupiga mwenyewe au kumpa mtu mwingine hati ya uwakala. Hati hizo ndizo zilizovuruga uchaguzi wa AFRINIC wa Juni 2025: yalizuka malalamiko juu ya hati iliyotumika kupiga kura, uchaguzi ukafutwa, ukarudiwa Septemba.

Ofisini kwako iwe hivi. Hati ya uwakala isisainiwe na fundi, wala na katibu muhtasi anayepitisha karatasi. Isainiwe na mkurugenzi, kwa uchaguzi mmoja tu, ikimtaja wakala kwa jina na tarehe ya mwisho wa matumizi. Mtu akipiga simu kusema "tusainie tu hapa, tutawasaidia kupiga kura", mwombe aandike barua, kisha uwaulize AFRINIC wenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokutumia. Weka nakala kwenye faili moja na ankara.

Siku hizi faili hilo analitunza mhasibu, kwenye kabati lake la chuma, kati ya faili la TRA na la pango. Ankara ya mwaka huu ilipofika hakuja kuniuliza tunalipia nini. Alikuja na kikokotoo, akaniuliza wale wadaiwa wa zaidi ya mwaka mmoja, sisi hatumo?